Miraba Sita Mitupu

Darasani tulimwita Shangazi, kwa sababu alikuwa na miaka arobaini na mbili na alimzidi umri hata mwalimu wetu wa sayansi ya bahari. Hakukasirika. Alikuwa amefanya kazi kliniki ya watoto miaka kumi na tano kabla ya kuja chuoni, akalala bweni moja na sisi, kitanda cha chini, akifua soksi zake kila jioni. Kazi ya baharini ilikuwa imemwangusha mara mbili kwa sababu ya mwendo wake wa taratibu. Hii ilikuwa mara ya tatu, na chuo hakiruhusu ya nne. Kwa bahati mbaya, yake au yangu, tukapangwa pamoja.

Sitaficha, nilinuna. Mimi ni mtu wa haraka, na mtu akinichelewesha hata mlangoni namwona adui.

Tulisafiri saa saba kwa basi la chuo hadi kituo cha utafiti, vyumba viwili vyenye ukungu ukutani na meza ndefu ya mbao. Kazi yenyewe ilikuwa kuhesabu majongoo bahari. Kila jozi ilipewa kamba ya mita hamsini, fremu ya mraba iliyoungwa kwa mabomba ya plastiki, na fomu moja ya pamoja. Unailaza fremu kando ya kamba, unahesabu waliomo, unaandika, unasogea. Miraba thelathini, kabla maji yaliyokupwa hayajarudi. Mraba ulioachwa wazi ulikatwa alama mbili, na fomu ilitaka sahihi za wote wawili.

Shangazi aliinamia kila mraba kama mtu aliyedondosha sindano. Aliachanisha nyasi kwa vidole, akainua jiwe, akalirudisha lilivyokuwa, kisha akahesabu upya. Nikamwambia ngoja ngoja huumiza matumbo. Akanijibu haraka haraka haina baraka, wala hakuinua kichwa. Tulipomaliza mraba wa ishirini na nne maji yalikuwa magotini na mchanga umevurugika, huoni hata kiatu chako. Mwalimu akapuliza filimbi, tukatoka.

Yeye alipokuwa nje akisuuza viatu vya mpira, mimi nilikaa mezani nikaijaza miraba sita iliyobaki. Wawili, mmoja, watatu, sifuri, wawili, mmoja. Haikufika hata dakika. Chuoni tunaita kupika, na ile sifuri niliitia makusudi, maana mpishi mzuri hazidishi chumvi.

Alipokuja kutia sahihi aliisoma fomu yote, akaiweka kalamu chini. Nikamwambia, kwa ukali ninaoujutia hadi leo, kwamba anayezama ni yeye, si mimi, na kwamba jongoo si mtu.

"Mwanangu," alisema, "kule kliniki nilikuwa napima watoto uzito. Siku moja mzani ukaharibika, na foleni imefika barabarani. Nikawa naangalia uzito wa mwezi uliopita, naongeza kidogo, naandika. Watoto kumi na mmoja. Mmoja wao alikuwa anapungua. Mama yake akasoma kadi, akarudi nyumbani amefurahi."

Nikaitazama ile sifuri yangu.

"Alikuwa na miezi saba," akasema.

Nikachukua kifutio. Pembeni tukaandika: maji yamejaa, haikuhesabiwa. Akatia sahihi.

Matokeo yalipotoka, mimi nilivuka kwa alama zangu za darasani. Yeye alipungukiwa na nne. Nilikwenda ofisini kwa mwalimu bila hata kubisha hodi vizuri, nikamweleza kwamba mwanafunzi mwaminifu kuliko wote ndiye anayefukuzwa. Akavuta rundo la fomu.

"Jozi kumi na nane," alisema. "Kumi na saba zimemaliza miraba yote. Maji yalijaa kwenu peke yenu?"

"Yalijaa kwa wote, mwalimu."

Akavua miwani, akalirudisha rundo mahali pake. Kisha akasema matokeo yameshapita kwenye bodi, hayarudi nyuma, lakini kanuni ile ya kukata alama ataiondoa mwakani.

Shangazi nilimkuta bwenini akikunja shuka, sanduku liko wazi. Nilimsimulia neno kwa neno. Niliona aibu, niliona uchungu, nikalia mimi, na yeye ndiye akawa ananibembeleza, ananiambia mbona alishajua tangu siku tulipofuta. Kisha akaniuliza jambo moja tu: zile fomu kumi na saba zinapelekwa wapi?

Nikamwambia zinakwenda idara ya uvuvi, waamue kama majongoo wameongezeka vya kutosha waanze kuvuliwa tena.

Akaketi kitandani, shuka mapajani. Ndipo na yeye akalia.