Siku Tuliyoua Waya wa Mama

Sisi tuliokulia Merigi intaneti ilipoanza kuingia majumbani, tunakumbuka ilivyokuwa na mahali pake pa kukaa. Kwetu ilikaa dirishani sebuleni, maana ruta ilinasa mtandao hapo tu, upande wa kilima. Kompyuta nzito ya Mama ilikuwa chumbani, na waya mrefu wa buluu ndio uliounganisha hivyo viwili.

Mama alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, akisomea digrii kwa mtandao. Akimaliza, aliukunja waya na kuuficha nyuma ya kochi. Mimi na mdogo wangu Chebet tukaugundua. Woi, ulikuwa mtamu kuruka kamba! Ulikuwa na uzito wake, ukipiga ardhi taa! taa! huku magunia ya majani chai yakinukia mlangoni.

Jumamosi ya mtihani wake wa mtandaoni, uliopaswa kuanza saa nne, Mama akauchomeka saa nne kasoro dakika ishirini. Kompyuta ikaonyesha alama nyekundu. Ruta ilikuwa imewaka taa zote ila moja, ile ya waya. Akaizima, akahesabu hadi thelathini, akaiwasha. Akahamishia waya tundu la pili. Akasukuma kichwa cha waya mpaka kikalia ka! Wapi. Baba akaingia na gambuti zake za shambani, akaupapasa waya polepole, akiukunja hapa na pale. Alipofika katikati, taa ikapepesa. Alipouachilia, ikazimika.

"Imekatika ndani," akasema. "Nani amecheza na hii waya?"

Chebet alinitazama. Mimi ndiye mkubwa.

"Ni mimi, Mama. Tuliruka nayo kamba."

Mama hakunipiga. Alitazama saa ya ukutani. "Ile fupi iliyokuja na ruta iko wapi?"

Kogo, nyanya yetu, alikuwa uani akipukuchua mahindi. Akajibu kwa sauti ndogo, "Nilifungia mlango ya kuku."

Chebet alitoka mbio. Baba akabeba kioo cha kompyuta, Mama akakumbatia mtambo wenyewe, mimi nikashika kibodi, tukavipanga kando ya dirisha. Chebet akarudi na waya mfupi, nikaupangusa kwa sketi yangu, ukaingia. Taa ikawaka kijani! Tulipiga kelele kama timu iliyofunga goli.

Mama alifanya mtihani wake sisi tukiwa kimya kama kanisani. Alipotoka nje baada ya saa mbili, alimkuta Kogo ameegemeza mgongo kwenye mlango wa kuku, ungo wa mahindi mapajani.

"Siondoki mpaka nipewe waya yangu," Kogo akasema.

Mama alicheka hadi akashika ukuta. Na mtihani akaupita.

Siku hizi wanangu hawajui hata waya huo unafananaje. Mtandao ukipotea, kila mmoja hununa chumbani mwake, simu ameinyooshea dari. Nikiwaita waje tuangalie ruta, wananijibu, "Mathe, si itarudi tu." Na kweli hurudi, kabla hata hatujakutana sebuleni.