Baba Jikoni kwa Mama Editha

Mliokulia Mwanza enzi zetu, mitumba ilipoanza kujaa sokoni na sangara kupandishwa ndege, hamwezi kuwa mmesahau sandwichi za kwa Mama Editha. Mgahawa ule aliufungua baba yake zamani za mkoloni, akiwauzia abiria wa meli. Slesi mbili nene zilizopakwa siagi, katikati minofu ya sangara iliyotoka kikaangoni sasa hivi, vitunguu, nyanya na pilipili ya kutoa machozi. Watoto wa leo wanakipiga chakula picha mpaka kinapoa. Sisi tulilamba hadi karatasi.

Nakumbuka mwaka ambao bibi, mama yake mama, alikuja kutoka kijijini kutibiwa kifua. Kwetu Wasukuma, mtu na mama mkwe wake walikuwa hawatazamani, na kula pamoja ndiyo kabisa mwiko. Nyumbani Pasiansi, bibi akikohoa tu sebuleni, baba alitorokea mlango wa nyuma na kiatu kimoja mguuni. Tulicheka mpaka mama akatufinya.

Wiki mbili zikapita, bibi hali kitu zaidi ya uji. Kesho yake alikuwa anarudi kijijini, na baba hakuwa na raha: mkwe wake aondoke hivihivi, yeye hajamlisha hata mlo mmoja wa maana?

"Mpelekeni kwa Mama Editha," akamwambia mama. "Na mimi nitakuwepo."

"Utakaa wapi, Baba Neema?"

"Hilo niachie mimi."

Tukakaa meza ya dirishani. Baba hakuonekana. Sandwichi ilipoletwa, bibi aliifunua taratibu, akachungulia.

"Mbona samaki mmemvika nguo?"

Mama Editha akaja akijifuta mikono. "Shikamoo, bibi. Kula tu. Hiyo ameitengeneza mkweo. Yuko jikoni, amenifukuza kwenye kikaango changu mwenyewe."

Baba, ambaye nyumbani hata chai hakuwahi kuchemsha! Nilidhani bibi ataisukuma sahani, na mama naye alikuwa ameinamisha kichwa. Bibi akaiweka vizuri khanga yake, akala yote, pamoja na maganda ya mkate. Kisha akasema kwa sauti, akiwa ameutazama ukuta:

"Waambieni huko jikoni nimeshiba. Binti yangu yuko mahali pazuri."

Huko jikoni kikaango kikaanguka.

Mgahawa bado upo, siku hizi anauendesha Editha. Juzi nilimpeleka mama pamoja na mume wangu. Wakwe wa sasa, jamani! Wamekaa bega kwa bega, mume wangu anamega sandwichi ya mama mkwe wake, wanapiga selfi, wanataniana kama watu waliosoma darasa moja. Nilifurahi, sitadanganya. Ila baba hakuwahi kumtazama bibi usoni hata siku moja, na tulipomzika bibi mwaka uleule aliokuja kutibiwa, yeye ndiye aliyelia kuliko sisi wote.