Mpaka wa Diski D

Miaka ile ya tisini nilikuwa nimevimba kichwa. Katika mtaa wetu wa ofisi za kuchapa, pale Kisumu, kompyuta ikikwama waliniita daktari, na jina hilo nililipenda kuliko nilivyokubali.

Mama mmoja mjane alikuwa na ofisi ya chumba kimoja karibu na soko. Kazi yake kubwa ilikuwa kuchapa wasifu wa marehemu kwa familia zilizofiwa, na wakati ule watu walizika kila wiki, kuanzia Port Victoria hadi Muhoroni. Diski ya kompyuta yake niliigawa mimi. Mfumo wa DOS haukuweza kutumia kipande kimoja kinachozidi gigabaiti mbili, kwa hiyo nilikata kipande kikubwa nikakiita C, na salio dogo likawa D. Mama akaweka barua na kadi za harusi kwenye C. Marehemu wote, na picha zao, wakaenda D.

D ikajaa. Nikamshauri afute wale wa zamani.

"Mtu ameshazikwa, halafu wewe unamfuta tena na mkono yako?" akaniuliza.

"Basi hawa wapya tuweke kwa C, Mama."

"Harusi na matanga haikai nyumba moja."

Nikaamua kusogeza mpaka. Nilikuwa na programu mpya iliyodai kupunguza C na kupanua D bila kupoteza kitu. Kabla sijaanza, Mama alifunga mlango.

"Kijana yangu iko hapo ndani," akasema.

Mwanawe alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Nilihudhuria mazishi yake upande wa Sondu. Nisilolijua ni kwamba, alipokuwa bado na nguvu za kuketi, alichapa kurasa mbili kuhusu maisha yake kwenye mashine ile, akautaja ugonjwa wake waziwazi. Aliwaambia ami zake mwenyewe, nao wakakataa zisomwe mbele ya waombolezaji. Mama hakuzichapisha kwenye karatasi, akiogopa mikono ya watu nyumbani, wala hakuwahi kuzifungua.

"Nikipata nguvu nitasoma. Lakini isipotee, daktari."

"Haiwezi kupotea, Mama."

Nilikuwa na disketi mbili tupu kwenye mfuko wa shati. Kunakili faili lile kusingemaliza dakika moja. Sikunakili. Ningenakili, ningekuwa nimekiri kwamba naweza kukosea, na mbele ya mteja sikuwa mtu wa kukiri hivyo. Hadi leo nikilikumbuka shati lile naona aibu.

Kupanua D kulimaanisha kuhamisha kila kilichokuwamo, kidogo kidogo, kuelekea nafasi iliyoachwa na C. Saa tisa alasiri, kazi ikiwa imefika katikati, mvua ikaja kutoka ziwani na stima ikapotea, kompyuta ikazimika. Hatukuwa na betri ya akiba. Stima iliporudi, barua na kadi za harusi zilikuwa salama. D haikusomeka kabisa. Nilihangaika nayo siku tatu, nikaokoa nusu ya uso wa mzee mmoja na vipande vya sala. Vya yule kijana sikupata hata mstari. Majuto ni mjukuu, lakini wangu hakusubiri.

Nilimwambia nikiwa nimesimama. Mama hakulia, wala hakunifokea, na ningependa angenifokea. Alivuta kiti akaniambia niketi nichape. Akataja jina la mwanawe, mahali alipozaliwa, shule alizosoma, kazi aliyoifanya.

"Hapo sasa ni maneno yake," akasema. "Acha karatasi mbili."

Nikaziacha. Akamalizia kwa siku ya mazishi, halafu akataka nichapishe yote. Printa ikapiga kelele, ikanyamaza ikisukuma karatasi mbili nyeupe, ikapiga kelele tena. Mama alivaa miwani, akaanza kusoma kutoka mwanzo, ukurasa kwa ukurasa. Alipofika kwenye zile nyeupe, hakuziruka.