Siku Tatu za Mapumziko ya Makame

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa mizani ya karafuu. Ilikuwa miaka ya hamsini; nilikuwa dresa, mfunga vidonda wa hospitali, na timu yetu ya mpira ya Ng'ambo ilinitaka niwaangalie wachezaji kila alasiri. Katibu wa timu aliiazima mizani hiyo ghalani, akaniambia niitunze kuliko roho yangu. Alikuwa mtu wa kukuza mambo.

Kazi ilikuwa kujua mchezaji amechoka kiasi gani kabla mwenyewe hajakiri. Kabla ya mazoezi kila mmoja alipanda kwenye sahani, nikaandika daftarini uzito wake kwa ratili. Kisha nikamshika kifundo cha mkono, nikahesabu mapigo ya moyo huku nikitazama saa. Uzito ukishuka siku hadi siku, na mapigo yakienda mbio mtu amekaa tu, basi mazoezi yamemzidi, apumzishwe. Mwalimu wa timu, mzee mkali wa maneno machache, hakumpanga mtu bila kuniuliza. Nami nilivimba kichwa, sifichi.

Makame, winga wetu wa kulia, alikuwa kuli bandarini. Nilimpenda kama ndugu. Wiki ya fainali mapigo yake yalipanda, nikampumzisha siku tatu. Aliporudi Jumamosi alikuwa amepungua ratili nne. Mtu kapumzika, kapungua. Nikailaumu mizani, nikagonga sahani, nikampima tena. Ikasema vile vile.

"Nshapumzika, Bwana Dresa," akaniambia. "Kesho ntacheza."

Mwalimu akauliza daftari linasemaje. Nikamjibu kuwa mizani imeharibika, Makame yuko tayari.

Siku ya pili yake, mchezo haujakolea, Makame alichomoka na mpira pembeni, akaanguka ameshika paja. Msuli ulikatika. Alipona akatembea, lakini mbio zile hazikurudi, na mpira akauacha.

Jumatatu nilikwenda kwao. Mama yake, Bi Mwanaheri, aliitikia shikamoo yangu, akanikaribisha mkekani, akanieleza polepole kwamba siku zile tatu meli zilikuwa zimetia nanga na makuli hawatoshi. Makame, kwa kuwa hakuwa na mazoezi, alishika na zamu za jioni, akibeba magunia.

"Mwanangu," akasema, "kwani wewe ukimpima uwanjani tu?"

Tangu hapo, kabla ya mizani, niliuliza kazi ya mchana: nani kabeba, nani kapanda mkarafuu, nani katoka Uroa kwa baiskeli. Nikafanya hivyo mpaka nikastaafu.

Siku hizi nyinyi vijana mnawavalisha wachezaji vyombo vifuani, vinahesabu kila hatua, na mimi nafurahi. Lakini alasiri, kelele za mazoezi zikinifikia hapa Mpendae, moyo hunienda kwa Makame. Ameshatangulia mbele ya haki, na hakunilaumu hata siku moja. Hilo ndilo linaloniuma. Natamani nirudishiwe Jumamosi ile moja tu, nimshushe kwenye sahani, nimkalishe karibu yangu, nimuulize: leo umebeba nini?