Vyuma vya Pikipiki ya Salumu

Jamani, leo nimemnyima mama yangu chakula kwa spana.

Ngojeni nieleze kabla hamjanitukana.

Pikipiki ya marehemu kaka yangu Salumu, ile aliyoinunua kwa bwana shauri, ofisa wa Kiingereza wa wilaya, ina vyuma viwili ubavuni vya kukinga miguu ikianguka. Mlango wetu hapa Temeke ni mwembamba. Kila nikiisukuma ndani, chuma kinakwaruza mwimo. Krrr!

Na Mama, ambaye macho yamefifia na siku hizi anasahau, huita kutoka uani: "Salumu, umerudi, baba?"

Mwaka mzima naitwa jina la aliye kaburini. Mie pia si mwanawe?

Basi asubuhi nikaenda kwa fundi kule Keko, avifungue. Akanionya, "Siku ukianguka utavikumbuka."

Nikamwambia fungua tu, nikavitia kwenye gunia.

Mchana nikaingia kimya kabisa. Nikafurahi, wallahi.

Mama nikamkuta uani, kaketi mbele ya chakula kilichofunikwa kawa. Wali umeshapoa.

"Shikamoo, Mama. Mbona hujala?"

"Marahaba. Nitakulaje, na Salumu hajaingia?"

"Mama, Salumu alikufa."

Akacheka. "Jana alikuja. Nilimsikia."

Haya, nyie mngefanyaje? Vyuma nivirudishe au niviache?

Mie nilirudi mlangoni, nikatoa chuma kimoja kwenye gunia, nikaukwaruza mwimo kwa mkono wangu.

"Umerudi, baba?"

"Nimerudi, Mama."

Akafunua kawa. Sahani zilikuwa mbili, yake na ya Salumu. Yangu haikuwepo.

Nikaketi, nikala.