Sashe Iliyomaliza Matabishi

Jumamosi iliyopita, kwenye soko kuu la Bunia, nilimwona mama muuza tomati akigombezwa kwa sababu tomati zake hazikuoza. Nacheka hadi leo.

Mama huyo amepata sashe za kisasa, mifuko ya plastiki yenye vitundu ambavyo jicho halioni. Tomati zimelala humo siku kumi tangu zitoke mashambani Bule, na bado zinang'aa kama zimechumwa asubuhi. Alizipanga mafungu mafungu, akaketi kama malkia.

Mteja mwenye kitenge cha njano akatia fungu kikapuni, kisha akabaki amenyoosha mkono.

"Mama, na matabishi?"

"Matabishi itoke wapi? Zote iko muzima!"

Lo! Kwetu matabishi, ile nyongeza anayopewa mteja mwishoni, hutoka kwenye tomati zilizolegea. Nzima nani atazigawa bure?

"Basi bakia na sashe yako! Siye tunataka matabishi!"

Akarudisha tomati moja moja, akahamia kwa jirani, ambaye zake zilikuwa zinatoa maji.

Jana nilipita tena. Sashe zipo, tomati zinang'aa, na wateja wamejaa. Pembeni, kwenye sinia, tomati sita zimeanikwa juani.

"Na hizi, mama?"

Akabonyeza moja kwa upole, kama anayempima mtoto homa.

"Izi niko naozesha, papa. Iko za matabishi."

Mafundi wa sashe, mmesikia? Ijayo iwe na kamfuko ka kuozeshea.