Kibarua wa Akina Mama wa Dunga

Absalom Obiero alivua samaki Dunga, kwenye Ziwa Victoria, tangu ujana wake, na hakuwahi kuajiriwa na mtu. Kisha magugu maji yakaziba ufuo. Ilikuwa mwaka wa 1997. Mashua yake ilinasa humo kama ng'ombe topeni, naye akawa mtu wa kushinda nyumbani akikosoa mapishi.

Mkewe, Milka, alikuwa katika kikundi cha akina mama waliokausha mabua ya magugu hayo na kusukia viti. Walikuwa wamekubaliana kwamba sehemu ya faida ingejenga darasa la watoto wadogo, ambao walizurura ufuoni mama zao wakiuza samaki. Absalom aliona ni mchezo tu. Lakini mabua marefu yalikuwa mbali ndani ya maji, na wanawake waliogopa nyoka. Milka akamwambia kikundi kinamhitaji.

"Basi niandikeni mwanachama," Absalom akasema.

"Kikundi ni cha akina mama, Baba Oketch. Wewe utakuwa kibarua."

Absalom akamaliza ugali wake. Asubuhi akachukua panga akaenda.

Wavuvi wenzake walimcheka kwamba ameandikwa kazi na mkewe. Yeye alikata mabua, maji yakimfika kiunoni, akipiga kijiti mbele yake kufukuza nyoka.

Viti vya kwanza viliota ukungu. Habiba, mwenye duka mtaa wa Kondele mjini Kisumu, alivirudisha kwa upole, na wanawake wakavunjika moyo. Wengine walitaka kuacha. Kesho yake Absalom alileta nyavu zake kuukuu na miti, akafunga chanja ndefu ili upepo upite chini ya mabua, kama akaushavyo samaki. Habiba alivipokea viti vilivyofuata, na safari hii vilinunuliwa.

Darasa lilisimama, la udongo na mabati. Ziwa lilipofunguka Absalom alirudi kuvua, ila siku za Jumatatu alikata mabua. Akina mama walipomwomba sasa awe mwanachama, aliwashukuru akakataa. Alisema mikutano yao ni mirefu.

Kiti alichosuka mwenyewe kiliegemea upande mmoja, hakuna aliyekitaka. Alikiweka nje ya mlango wake, na Jumapili baada ya kanisa hukikalia, miguu ameinyoosha, akingoja samaki aive.